Feri Katika Kidirisha cha Kamera



Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye riziki yake sasa iko Maskati, aliniletea kamera mpya kwa mkono wa nduguye. Kijana huyu na wenziwe kadhaa wafanyao kazi pamoja ndio ambao kila mwezi hutuletea fedha za kuwanunulia samaki na unga wajane kumi na wawili wa mtaa wetu hapa Kariakoo. Ndani ya sanduku la kamera mlikuwa na barua fupi. Alisema wenziwe wanapenda kuona fedha zao zinafika. Basi niwapigie picha, wazione nyuso za watu hao na furaha yao. Sikuona ubaya wa maneno hayo. Mtu akitoa chake, ana haki ya kujua kimekwenda wapi. Na kwa kuwa samaki wetu hununuliwa Feri, nalinuia kuanza na huko, nipige picha za soko, kisha za wenye kupokea.

Kamera niliyopata kuishika zamani ilikuwa ya filamu, ile ya picha thelathini na sita, ambayo kila ukibonyeza ulisikia fedha zikitoka mfukoni. Hii ni Canon EOS R50, iliyotolewa mwaka 2023, na bila ya lenzi uzito wake haufiki nusu ya kilo. Ililetwa na lenzi mbili, moja fupi na moja ndefu ya kuvuta vya mbali. Nyuma yake kuna kioo kipana kama cha simu, na juu ya kioo hicho pana kidirisha kidogo cha kutia jicho. Kidirisha hicho ndicho kilichonishughulisha kuliko vyote.

Katika kamera nyingi za zamani, mtu akitia jicho huona vitu vyenyewe. Nuru huingia kwa lenzi, hupiga kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa ndani, hupanda juu, na kumfikia jichoni. Katika hii kioo hicho hakuna. Nuru ikiingia huangukia kibamba cha kuipokea, mashine huisoma, kisha huichora upya katika kioo cha umeme kidogo mno kilichomo ndani ya kidirisha, chenye nukta milioni 2.36, nayo huichora mara 60, au hata 120, kwa kila sekunde moja. Kwa hiyo mwenye kutia jicho haoni kitu. Aona picha ya kitu. Jambo hili si geni duniani. Panasonic walitoa kamera yao ya Lumix G1 mwaka 2008, ya kwanza miongoni mwa kamera za kubadilisha lenzi iliyoacha kioo na kutia kidirisha cha umeme. Lakini kwangu mimi lilikuwa geni kabisa.

Elimu yenyewe ya nuru na jicho haikuanzia kwa hao. Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Cairo yapata mwaka 1040, ameeleza katika Kitab al-Manazir jinsi taa kadhaa zikipangwa mbele ya tundu la mahali penye giza, kila taa hutupa nuru yake mahali pake ukutani; na taa moja ikifunikwa, nuru yake peke yake ndiyo itowekayo. Hicho ndicho chumba cha giza ambacho kamera zote ni watoto wake. Wako wasemao kwamba hata neno kamera latokana na Kiarabu. Sivyo, ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Haitupasi kujitafutia utukufu kwa jambo lisilo kweli, hali utukufu wa kweli tunao.

Siku hiyo nalisali alfajiri katika Msikiti wa Mtoro, kisha nikashika njia kwa miguu, kamera shingoni chini ya koti. Ningaliweza kupanda basi la mwendokasi, ambalo tangu mwaka 2016 hufika hata Kivukoni, lakini mtu aliyeko ndani ya basi haoni mji. Kariakoo ilikuwa bado haijaamka sawasawa. Wachukuzi walikuwa wakivuta mikokoteni ya viazi na vitunguu, na katika vibaraza walinzi walikuwa wakikunja maboksi waliyolalia. Jina lenyewe la Kariakoo ni la wachukuzi: Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916 katika vita vile vikuu vya kwanza, hapa palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya watu wetu ikalilainisha neno hilo hata likawa hili tulilo nalo.

Mnazi Mmoja nalisimama nikatia jicho katika kidirisha kwa mara ya kwanza nje ya nyumba. Nalishangaa. Nje palikuwa na kiza, miti haijapambanuka na mbingu. Lakini ndani ya kidirisha palikuwa pamekucha! Majani yalionekana majani, na mtu aliyeketi juu ya ukuta, ambaye kwa macho yangu alikuwa kivuli tu, alionekana hata rangi ya kanzu yake. Mashine hii hukusanya nuru kidogo iliyopo na kuizidisha, kisha humwonyesha mtu kile ambacho jicho lake halikioni. Madrasa tunawafundisha watoto kwamba alfajiri ni mbili: ya uongo, ambayo mwanga wake huinuka juu mrefu kama mkia wa mbwa mwitu kisha hupotea, na ya kweli, ambayo hutanda upeoni kwa mapana. Nikasema moyoni, leo nimeona ya tatu, ya betri, na hii haisaliwi wala haifungiwi saumu.

Nalipita Uhindini, nikapita karibu na Msikiti wa Kitumbini, nikatokea Mtaa wa Samora penye Sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vile vile vilivyoipa Kariakoo jina lake. Askari yule ameinama na bunduki yake, na singe yake imeelekea bandarini. Nalimpiga picha moja nikaendelea.

Kufika Kivukoni palikuwa pamekucha kweli, na bahari ilikuwa ya rangi ya bati. Wasomaji wasioijua Dar es Salaam wajue kwamba Feri ni mahali pa pantoni, chombo cha kuvusha watu na magari baina ya mji na Kigamboni. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini pantoni haikupumzika. Kila ikifungua mlango wake hutapika umma wa watu, na baiskeli, na pikipiki, na matenga ya kuku. Kando ya hapo ndipo soko la samaki la Magogoni, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Serikali ya Japani. Watu wengi hawasemi Magogoni. Wakisema wanakwenda Feri, maana yake wanakwenda kununua samaki. Karibu nayo ni Ikulu, na upande huo kamera haielekezwi. Muuza barafu mmoja alinikumbusha jambo hilo kabla sijauliza, kwa adabu, huku ameshika shoka la barafu.

Nataka niwaeleze soko hili, kwani nimelizoea miaka mingi, lakini siku ile nalikuwa kama mgeni. Ngalawa na mashua zilikuwa zimetia nanga kifuani mwa maji, na vijana walikuwa wakiteremsha samaki kwa ndoo na matenga, maji yamewafika kiunoni. Walileta changu, pono, tasi, kolekole, nguru wawili wakubwa kama watoto wa darasa la pili, taa aliyebebwa na watu wawili, na vibua wasiohesabika. Ufukweni jua lilipochomoza, kile kioo kipana cha nyuma kilikuwa hakisomeki kwa mng'aro. Nalijiona uso wangu tu, na ndevu zangu. Hapo ndipo nilipojua faida ya kidirisha. Jicho likiwa ndani, jua halina nafasi. Tena pana kigurudumu kidogo kando yake ambacho mtu hukizungusha hata kikafuatana na udhaifu wa macho yake. Mimi nisiyesoma msahafu bila ya miwani, nalivua miwani nikaitia mfukoni. Na jambo jingine: kidirisha humwonyesha mtu picha itakavyokuwa kabla hajaipiga. Ukizidisha nuru, bahari nzima huzidi nuru. Ukipunguza, huingia kiza. Kamera ya filamu haikuwa na huruma hiyo. Kosa la Ijumaa ulilijua Jumatano.

Ndani ya banda la mnada mambo yalibadilika. Dalali amesimama juu ya meza, sauti imemkauka, anataja bei kwa haraka kama mtoto anayehitimisha Juzuu Amma kabla ya chakula, na wanunuzi wamemzunguka hawasemi neno, wananyanyua nyusi tu. Nalitia jicho nikaona mistari ya kiza inapita juu ya picha, mmoja baada ya mwingine, kama mawimbi. Nikadhani kamera imekwisha haribika. Baadaye nikafahamishwa: taa nyingi za umeme, ambazo sisi twaziona zimetulia, huwaka na kufifia mara 100 kwa kila sekunde, na mashine, kwa kuwa huisoma nuru mstari kwa mstari, yalikuta lile ambalo jicho limesamehewa. Nalipata pia kuona kwamba mtu akienda mbio, au kisu cha mpaa samaki kikipita upesi, kidirisha hukileta nyuma kidogo, kwa muda mdogo kuliko kupepesa, lakini huwa kimekwisha pita.

Nalisimama kando ya nguzo nikaifunga lenzi ndefu. Nalipiga picha mikono ya wapaa samaki, iliyojaa magamba hata kwenye viwiko. Nalipiga makarai ya mafuta na moshi wake. Kisha katika kuhamisha kamera huku na huku nalimwona chini ya meza ya mnada mwanamke ameinama, anaokota vibua vidogo na dagaa vilivyodondoka baina ya miguu ya watu, anavitia katika beseni. Aliinua uso. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Kamera hizi zina kazi moja ya ajabu. Hutafuta uso wa mtu zenyewe, na katika uso hutafuta jicho, na zikilipata hulifungia mraba mdogo unaolifuata kila liendako. Mraba ule ulilikamata jicho lake mara moja. Nuru ya mlangoni ilikuwa imemwangukia upande mmoja wa shavu, na nyuma yake miguu ya wanunuzi ilikuwa kama msitu. Nasema kweli, ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizozipiga siku ile, na moyoni nalisema: hii ndiyo waliyoitaka Maskati. Nikabonyeza. Kamera nalikuwa nimeitia katika hali ya kimya, haikutoa sauti yoyote.

Yeye akabaki vile vile, ameinua uso, hatikisiki. Nalimngojea ainame tena. Kumbe nilichokuwa nikikitazama hakikuwa yeye, ilikuwa picha niliyokwisha kuipiga. Kwani kidirisha hiki, ukisha kubonyeza, hukuonyesha ulichokipata kwa sekunde mbili tatu kabla ya kukurudishia dunia. Nilipoishusha kamera nalimkuta yu mbele yangu, hatua mbili, beseni mkononi na khanga ameivuta hata mdomoni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Maalim, umenipiga picha mimi?"

Ulimi ulikuwa na jawabu tayari, kwamba nalikuwa nalipiga picha soko. Nikawakumbuka watoto ambao kila alasiri nawakanya uongo. Nikasema, "Naam, nimekupiga."

"Itakwenda wapi?"

"Maskati. Kwa wale wanaotuletea samaki na unga."

Alinyamaza, akatazama beseni lake. Kisha akasema, "Maalim, watu hao nawashukuru, na kila sala nawaombea. Lakini mwanangu ajua mama yake ananunua mnadani kama wenziwe. Anasoma kwako, na wanaosoma naye ni watoto wa majirani. Picha ikitoka huko ikarudi huku katika simu za watu, mimi nitamwambiaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Nalimwonyesha picha yake katika kioo cha nyuma, tukakinga jua kwa mkono, naye akajitazama muda kidogo. "Nimekonda," akasema. Nikabonyeza alama ya kufuta. Kamera ikaniuliza kama nina yakini, nikabonyeza tena. Akaniaga akarudi mnadani, na safari hii alisimama pamoja na wanunuzi.

Tangu ujana nimesoma maneno ya wanavyuoni juu ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera, kwa hoja kwamba hazimuumbi mtu bali hukizuia kivuli chake, mfano wa sura ya mtu katika kioo. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, alizikataza ila kwa dharura. Mimi si mtu wa kuamua baina ya milima hiyo. Lakini mama yule hakuniuliza habari ya halali ya picha. Aliniuliza habari ya haki yake. Na lililonisumbua njiani nikirudi lilikuwa jingine kidogo. Lau ningalikuwa sina kamera, nikamwona kwa macho yangu ameinama chini ya meza, ningaliona haya, nikageuza uso ili asijue kwamba nimemwona. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na Suratun Nur yatuamuru kuinamisha macho, na Suratul Hujurat yatukataza kupelelezana. Lakini nalimtazama kwa utulivu, kwa muda mrefu, nikitafuta nuru nzuri ya shavu lake, wala haya haikunijia. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kidirisha hakuwa mama wa mwanafunzi wangu. Alikuwa picha tayari, kabla sijapiga picha. Sisemi kwamba ndicho kilichonikosesha. Mwenye kamera ya filamu naye aweza kukosa. Nasema kwamba kwangu ilikuwa rahisi mno.

Mambo hayakwisha hapo. Jioni nalipita duka moja la simu hapa Kariakoo kutafuta betri ya akiba, kwani betri ya kwanza ilikuwa imekufa kabla ya adhuhuri. Kidirisha hiki hula umeme hata usipopiga picha, na betri ikifa kidirisha nacho hufa, ukabaki na shimo jeusi. Katika mazungumzo nalimwambia kijana wa duka kwamba nimefuta picha. Akacheka kwa heshima. "Maalim, kufuta si kufuta. Kamera imefuta jina tu. Picha yenyewe imo ndani ya kadi mpaka iandikwe nyingine juu yake. Mwenye programu aweza kuirudisha." Nalimwuliza dawa. Akaniambia nihamishe picha ninazozitaka, niisafishe kadi yote, kisha niijaze kwa kitu kingine hata ifurike.

Basi baada ya sala ya Isha nalifanya hivyo. Naliiweka kamera juu ya rafu ya misahafu, ikaelekea ukuta mtupu wa madrasa, nikaiamuru ichukue filamu. Nalikaa mkekani nikisoma uradi wangu huku yenyewe ikiutazama ukuta, na baada ya zaidi ya nusu saa ikaandika kwamba kadi imejaa.

Siku ya kugawa nalipiga picha mafungu kumi na mawili ya samaki na unga yamepangwa juu ya mkeka, na karatasi ya bei kando yake, na mlango wa madrasa. Nyuso hamkuwa. Nalizipeleka Maskati pamoja na barua ya kueleza yaliyotokea, bila ya kutaja jina la mtu. Mwanafunzi wangu alinijibu kwa adabu, akaniomba radhi kwa kunitaka jambo lile. Akasema yeye ameridhika, lakini wenziwe wawili walitaka nyuso, nao wamepata mahali pengine panapowaletea nyuso.

Mwezi huu fedha zilizofika zilitosha mafungu tisa. Naliondoka alfajiri kwenda Feri bila ya kamera, nikanunua vibua badala ya changu. Tuliporudi tukayafungua mafungu yote tisa juu ya mkeka, tukayagawa upya yakawa kumi na mawili.